Kumsoma bondia anayepelekewa moto: YouTube inafaa kwa kiasi gani?

Kwa kocha wa klabu ya mtaani, bondia chipukizi, au shabiki aliyechoka kubishania pointi, YouTube ndiyo maktaba ya ngumi iliyo karibu kuliko zote. Mapambano ya miaka 50 iliyopita yamo, ya juzi yamo, na kiingilio ni bando tu. Tathmini hii inaipima kwa kazi moja: je, inafaa kujifunzia kusoma mwili wa bondia anayeshambuliwa bila kupewa nafasi ya kuvuta pumzi? Kwenye kompyuta tunaipa nyota nne kati ya tano. Kwenye simu, mbili na nusu. Nyota hizo ni za mapambano kamili peke yake. Vile vipande vya dakika nane vyenye muziki wa kishindo havistahili hata nusu.

Ubaya wa vipande si ufupi wake. Mhariri hubakiza ngumi zilizotua na kutupa kila kilichokuwa katikati, na presha, yaani kule kubanwa mfululizo, inafanya kazi humo humo katikati: hatua moja ya kurudi nyuma isiyo ya lazima, jicho linalotafuta kona, mkono unaochelewa kurudi kidevuni. Bondia hadondoki kwa sababu ya ngumi ya mwisho pekee. Dalili zake huwa zimeanza raundi tatu au nne nyuma, na kipande hakizioneshi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupiga hesabu ya urefu wa video. Pambano la raundi 12 lina dakika 36 za kupigana na 11 za mapumziko, jumla 47. Yale ya zamani ya raundi 15 ni dakika 45 na mapumziko 14, jumla 59. Ukiona video ya dakika 38 inayojiita pambano zima la raundi 12 lililofika mwisho, ujue kilichokatwa ni mapumziko ya kwenye kona. Iache. Dakika ile ya mapumziko ndiyo yenye ushahidi mwingi kuliko zote, na tutairudia. Rekodi za HBO na Showtime zinafaa zaidi hapa, kwa kuwa zilikuwa chaneli za kulipia zisizokatisha pambano kwa matangazo ya biashara, hivyo kamera ilibaki kwenye kona. Matangazo ya televisheni za bure ya miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi yalikimbilia bia na magari kila kengele ilipolia.

Sasa vifaa. Kwenye kompyuta, herufi K husimamisha video, J hurudisha nyuma sekunde 10, L husogeza mbele sekunde 10, M huzima sauti. Video ikiwa imesimama, kitufe cha mkato hurudisha fremu (picha) moja na kitufe cha nukta husogeza fremu moja. Hicho cha fremu moja moja ndicho kinachofanya kompyuta iizidi simu kwa mbali. Kwenye simu unabaki na kugonga skrini mara mbili ili kuruka sekunde 10, kupunguza spidi, na kuvuta picha kwa vidole viwili ili kuikuza. Spidi hushuka hadi 0.25, lakini usitarajie miujiza: rekodi ya zamani ya Ulaya ina picha 25 kwa sekunde, ya Marekani kama 30, yaani kila picha inabeba takriban milisekunde 40 au 33. Kupunguza spidi hakuongezi picha, kunazichelewesha tu, ndiyo maana jabu (ngumi nyepesi ya mkono wa mbele) la mwaka 1975 kwa spidi ya 0.25 hurukaruka. Kwa mapambano ya karibuni chagua kiwango chenye alama ya 60, yaani picha 60 kwa sekunde, kama 720p60. Spidi ya 0.5 inatosha kwa kazi nyingi.

Zima sauti kabla hujaanza. Mtangazaji akishaamua kwamba fulani anatawala, macho yako yatamfuata. Hata namba za CompuBox zinazotokea kwenye skrini zisikuongoze. Kampuni hiyo imekuwa ikihesabu ngumi tangu 1985 kwa njia rahisi: watu wawili, kila mmoja na bondia wake, wanabofya jabu au ngumi nzito, iliyotua au iliyokosa. Hakuna kitufe cha kisigino kilichogusa kamba.

Pambano tunalopendekeza kuanza nalo ni la Ricky Hatton na Kostya Tszyu, Manchester, 5 Juni 2005, uzito wa super-light. Tszyu alikuwa na mkono wa kulia uliolaza watu wengi, lakini mkono ule ulihitaji nafasi ya kunyooka. Hatton alimnyima. Aliingia, akapiga, akakumbatia, akaegemeza uzito wake wote juu ya Tszyu, refa akiwaachanisha anaingia tena. Baada ya raundi ya 11 kocha Johnny Lewis alimzuia Tszyu asirudi ulingoni.

Litazame mara tatu, kila mara kwa jicho tofauti. Mara ya kwanza, spidi ya kawaida, tazama miguu ya Tszyu tu, usimwangalie Hatton kabisa. Ni vigumu, maana macho hupenda anayeshambulia. Bondia aliyetulia hurudi nyuma kwa mshazari na mguu wa nyuma hubaki ukimsubiri mpinzani, kisigino kikiwa juu kidogo. Akianza kuzidiwa hurudi mstari mmoja ulionyooka, hatua mbili, kisha tatu, na miguu yake husogeleana hadi ikawa sambamba. Hapo ameshapoteza vitu viwili kwa pamoja: hawezi kupiga kwa nguvu, kwa kuwa uzito umelalia visigino huku mwili ukienda upande wa pili wa ngumi, na hawezi kugeuka, kwa kuwa hakuna mguu wa kuegemea. Ndiyo maana utaona ngumi zake bado zinatoka, pengine nyingi, lakini ni za kumsukuma mtu atoke mbele yake. Kuzitofautisha ni rahisi kwenye fremu moja moja: ngumi ya kuumiza huanza na nyonga, ya kufukuza huanza na kiwiko.

Mara ya pili, spidi 0.5, tazama mabega, mikono na kinywa. Kinga ya meno ikionekana wakati hapigi, anavuta hewa kwa mdomo. Katika raundi ya 10 hilo ni jambo la kawaida. Katika raundi ya 3 ni habari kubwa. Mabega yakipanda na kushuka, pumzi imehamia juu ya kifua. Viwiko vikishuka na kubana mbavu, jua ngumi za mwilini zimefika, na kidevu kitabaki wazi muda si mrefu. Hesabu nani anaanzisha kumbatio. Anayekumbatia ili apumzike huweka kichwa begani kwa mwenzake na kufunga macho au kumwangalia refa. Anayekumbatia ili achoshe, kama Hatton, huweka kichwa chini ya kidevu cha mwenzake na kuendelea kusukuma kwa miguu. Kwa mbali makumbatio hayo mawili yanafanana kabisa.

Mara ya tatu ruka raundi zote, tazama mapumziko peke yake. Anatembea hadi kwenye kona, au anaanguka kwenye kiti kabla hakijawekwa sawasawa? Miguu imenyooka mbele kama ya mtu aliyetupwa, au magoti yamekunjwa? Kocha akisema, anamtazama au anatikisa kichwa huku macho yako sakafuni? Kukubali bila kutazama maana yake maneno hayaingii. Halafu sekunde kumi za mwisho: anayejiamini husimama kabla hajaambiwa.

Kila unachokiona kilinganishe na raundi ya 1 ya bondia huyo huyo. Hapa ndipo wengi hupotea. Roy Jones Jr. na Naseem Hamed walipigana mikono ikiwa chini tangu kengele ya kwanza. Kwao mikono kushuka hakumaanishi chochote. Kwa mtu aliyeanza na glovu mashavuni, kushuka kwa inchi nne katika raundi ya 5 kunamaanisha mengi. Andika kwenye karatasi kabla hujaendelea: mikono yake ikoje, anaruka kwa vidole au anatembea, anapumua vipi, anapiga ngumi ngapi kwa mfululizo. Raundi zinazofuata andika mabadiliko tu. Cha kwanza kubadilika kwa wengi ni idadi ya ngumi kwa mfululizo: aliyekuwa anapiga tatu anapiga mbili, kisha moja, kisha anasubiri ruhusa. Tabasamu au kutikisa kichwa baada ya kupigwa, kana kwamba anasema haikuuma, kiandike kama ngumi iliyotua vizuri. Ambaye haikumuuma hana haja ya kutangaza.

Usisahau kumtazama anayebana, kwa raundi mbili hivi. Mbanaji mzuri hamfuati mwenzake, anamkatia njia: mwenzake akienda kushoto, yeye anapiga hatua ya pembeni upande huo huo, mpaka nafasi inaishia kwenye kona. Ukimwona anatembea nyuma ya mtu kwa duara, hiyo ni kumsindikiza tu, na atachoka yeye. Ulingo wa kulipwa kwa kawaida huwa kati ya futi 16 na 24 ndani ya kamba, na tofauti hiyo ni kubwa sana kwa kazi hii. Tazama mapema ni hatua ngapi zinatoka katikati hadi kwenye kamba. Angalia pia danganyo zake. Bega linaloruka bila ngumi humlazimisha mwenzake ajikaze, na misuli ikikazwa mara hamsini bila sababu huchoka sawa na iliyofanya kazi. Presha nyingi haina ngumi ndani yake.

Ngumi za mwilini zina tabia ya kuchelewa ambayo kifaa cha fremu kinaionesha vizuri. Tafuta Hatton na José Luis Castillo, Las Vegas, 23 Juni 2007, raundi ya 4. Mkono wa kushoto unaingia chini ya kiwiko cha kulia, mahali lilipo ini. Castillo haanguki papo hapo. Simamisha ngumi inapotua, kisha songa kwa nukta: uso kwanza haubadiliki, halafu mwili unageuka kumkimbia mpinzani, halafu goti. Kichwa kikipigwa miguu hulegea kabla mtu hajajua. Ini likipigwa mtu anajua yote, na mwili unakataa.

Julio César Chávez na Meldrick Taylor, Las Vegas, 17 Machi 1990, ni la wale ambao tayari wameshazoea. Wote walikuwa hawajapoteza. Taylor, bingwa wa Olimpiki wa 1984, alikuwa na mikono ya kasi zaidi na aliongoza kwenye karatasi za majaji wawili kati ya watatu, 107 kwa 102 na 108 kwa 101. Ukihesabu ngumi peke yake hutaelewa kilichotokea. Chávez alipiga chache, nzito, na hakuacha kusonga mbele. Fuatilia uso wa Taylor kila mapumziko, uvimbe unavyokua na damu mdomoni, na jinsi anavyobaki kupigana kwa karibu ilhali kasi yake ilitaka nafasi. Hapo ndipo presha ilipofanikiwa: ilimfanya mwenye kasi akubali pambano la mwenye nguvu. Raundi ya 12 akaangushwa, akanyanyuka, refa Richard Steele akamuuliza kama yuko sawa. Taylor hakujibu, alimgeukia kocha wake Lou Duva, aliyekuwa amepanda ukingo wa ulingo. Steele akalisimamisha, zimebaki sekunde 2. Ubishi haujaisha hadi leo. Simamisha video pale Steele anapouliza, uangalie macho, acha saa kabisa. Refa hana kazi ya kusoma saa.

Na mdomo hausomeki kama mwili. Mkenya Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki wa Seoul 1988, alisimamishwa raundi ya 9 alipopigana na David Gonzalez huko Las Vegas, Julai 1994. Alipinga uamuzi ule, akitaka aendelee. Alifariki muda mfupi baadaye kwa jeraha la kichwa. Kocha anayetumia video kufundisha asiishie kuonesha wanafunzi wake namna ya kumaliza mtu. Awafundishe pia walinzi wa kona lini warushe taulo.

Kwa upande wa mitego, hakuna video nzuri kuliko ya Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali ameegemea kamba raundi baada ya raundi, George Foreman anampiga, na asiyejua kusoma anaona mtu aliyebanwa. Tumia orodha ile ile. Macho ya Ali yako wazi na yanafuata glovu. Anaongea. Kamba zimelegea, kwa hiyo anaegemea nyuma na kichwa kinakaa nje ya umbali. Ngumi zinatua kwenye mikono. Na karibu kila raundi, sekunde za mwisho, anajibu kwa mfululizo wa ngumi zilizonyooka. Kisha mtazame Foreman: ngumi zinazidi kuwa pana, mikono inarudi chini, anaanguka mbele baada ya kukosa, uso unavimba. Kufikia raundi ya 5 aliyebanwa ni yule anayesonga mbele. Aliishia chini raundi ya 8, dakika ya 2 na sekunde 58, sekunde ile ile ya raundi aliyosimamishwa Taylor zaidi ya miaka 15 baadaye, sadfa tu.

Vasyl Lomachenko na Guillermo Rigondeaux, 9 Desemba 2017, linafaa kwa wanaodhani presha ni lazima iwe ya mabavu. Lomachenko anabana kwa pembe: anapiga, anahama pembeni, mwenzake akigeuka anamkuta ameshahama tena. Rigondeaux, aliyepanda madaraja mawili ya uzito, anaanza kuinama hadi kiunoni na kukumbatia, anakatwa pointi raundi ya 6 kwa kukumbatia, na harudi raundi ya 7, akitaja maumivu ya mkono. Hakuangushwa hata mara moja.

Hassan Mwakinyo na Sam Eggington, Birmingham, 8 Septemba 2018, lina faida ya ufupi: liliisha raundi ya 2. Hapo hakuna uchovu wa kusoma. Ni mtu aliyeumizwa na mwenzake akakataa kumwachia. Linafundisha jambo moja: refa haangalii ngumi ngapi zimetua, anaangalia kama anayepigwa anajibu.

Sasa kwa nini nyota moja imekatwa. Video nyingi zilizopandishwa na mashabiki hugeuzwa kushoto kulia ili zikwepe mitambo ya hakimiliki, na bondia wa kulia anaonekana mashoto. Mtu anaweza kusoma miguu kinyume pambano zima. Kagua maandishi kwenye bukta au sakafu ya ulingo: yakisomeka kinyume, funga. Nyingine hukuzwa na kukatwa kingo, na kinachopotea ni nyayo, yaani nusu ya somo. Nyingine huongezewa spidi kidogo, na kila mtu anaonekana mwepesi. Raundi isiyofika dakika 3 kwa saa ya video ndiyo inayoumbua. Chaneli rasmi za mapromota kama Top Rank na Matchroom hazina maradhi haya na zina mapambano kamili ya zamani, ingawa si yote unayoyataka. Matangazo ya YouTube yenyewe ni kero nyingine, na huweza kukatiza pale pale Steele anapouliza swali lake. Na video ya shabiki inaweza kufutwa wakati wowote, kwa hiyo andika dakika na maelezo yako kwenye daftari, usitegemee kiungo.

Kwa bando dogo, usitazame pambano zima. Chukua Hatton na Tszyu, raundi ya 1, ya 6 na ya 10 pamoja na mapumziko ya dakika moja baada ya kila moja, jumla dakika 12. Kwa mabega na kinywa 480p inatosha; kwa miguu panda hadi 720p kama ipo. Karatasi iwe na safu nne: mara ngapi mgongo umegusa kamba, makumbatio aliyoyaanzisha yeye, kinywa kimefunguka kuanzia sekunde ya ngapi, na mara alizotazama kona wakati kengele haijalia. Safu ya nne ikianza kujaa, simamisha video, andika unadhani pambano litaishia raundi gani, ndipo uendelee.